Fremu Mia Mbili na Arobaini

Daktari alisema: mpige picha mkono,
si wakati umeshika kitu, ukiwa umelala tu gotini.
Kazi yangu ndiyo hiyo. Mwaka wa kumi na tisa sasa
nakata na kuunga picha za harusi za watu
katika chumba kisicho na dirisha, Bałuty, jijini Łódź.

Jumapili nikamketisha baba jikoni.
Fremu mia mbili na arobaini kwa sekunde, nikamwambia.
"Zote hizo za nini?" akauliza. "Mkono wenyewe ni mmoja."

Taa ndiyo iliyoniangusha kwanza.
Jicho huiona ikiwaka moja kwa moja;
kamera huiona ikififia na kurudi, mara mia kwa sekunde,
ukuta mzima ukipwita kama koo la chura.
Nikazima. Nikamsogeza dirishani,
kwenye weupe wa theluji, usiopepesa.

Kosa la pili ni langu, na ni la mwanafunzi:
niliitia picha katika mradi wa fremu ishirini na nne
bila kuiambia programu nimeileta ya namna gani.
Ikatupa fremu tisa katika kila kumi, kimya kimya,
kama karani anayechana barua asizozisoma.
Mkono ukatoka vilevile ninavyoujua,
mkono wa kugonga bilauri,
wa kumwaga chai, wa kufichwa mfukoni
Bi Halszka wa ghorofa ya chini akibisha hodi.

Nikarudi mwanzo. Usitupe hata moja, nikaiambia.
Zisome zote, kwa mwendo wa ishirini na nne.
Sekunde ikawa sekunde kumi.

Tunasema kufumba na kufumbua, kana kwamba si kitu.
Kope za baba zilishuka kama shata la duka,
zikatua,
zikakaa,
zikapanda. Fremu themanini na moja.

Na mkono, kumbe, hautetemeki.
Unakwenda na kurudi, kila sekunde mbili,
kama kifua cha mtu aliyelala.
Kidole gumba kinapita juu ya shahada,
kinabonyeza, kinasokota, kinaachia.
Baba akainama hadi pua ikakaribia kioo.
Miaka thelathini na moja alitengeneza mitambo ya kufuma
katika kiwanda ambacho leo kinauza viatu na aiskrimu.
"Napima uzi," akasema.
Akatazama tena.
"Pamba. Namba arobaini. Umesokotwa vizuri."

Daktari sikumweleza hayo. Nilimpelekea faili.

Kisha baba akasema: basi mfanyie na mama yako.

Mama tunaye kwenye kanda moja, kituo cha tramu,
anageuka, anatupungia, tramu inampita.
Fremu thelathini na saba. Nimezihesabu zaidi ya mara moja.
Nikamweleza baba: hapa hakuna cha kunyoosha,
kamera ile ilichukua ishirini na tano tu kwa sekunde,
na ambacho hakikuchukuliwa hakipo.
"Jaribu," akasema.

Nikaiachia kompyuta ijazie mapengo.
Kati ya fremu ya kumi na moja na ya kumi na mbili
ikabuni mama tisa.
Wa nne ana vidole sita, cha sita ni moshi.
Wa saba anacheka kwa mdomo
ambao hajawahi kuwa nao.
"Huyo simjui," baba akasema. "Mtoe."

Nikawafuta wote tisa, na wengine waliofuata,
nikairudisha kanda kwenye mwendo wake.
Mama akageuka, akapunga, tramu ikapita.
Tena, akasema baba. Nikarudia.
Tena.

Mara ya tatu mkono wake uliinuka gotini
ukaenda huku na huku hewani.
Ugonjwa, au alikuwa anampungia, sijui.
Kamera ilikuwa mezani, imezimwa.