Pembe ya Sita

Ile nyota niliishona mimi.
Satini nyeupe mita mbili, uzi wa buluu,
na pembe nikazitia tano,
kwa kuwa nyota zote zilizowahi kupita chini ya sindano yangu,
za kwaya, za kipaimara, za bendera ya timu ya Rau,
zilikuwa na tano.
Hakuna aliyehesabu. Miaka miwili tuliomba chini yake
kila Alhamisi, ghalani Kiboriloni,
magunia ya pumba yakiwa ndiyo mabenchi,
na Mwinjilisti Eliakunda ameuchora Yordani ukutani kwa chaki,
ukianzia kwenye swichi, ukiishia kwenye tundu la panya.

Tuliililia nchi ile hata sauti zikakauka.
Myahudi mwenyewe hatukuwa tumemwona.

Ndipo akapatikana mmoja, Arusha,
Obadia Madmoni, muuza mikanda ya matrekta.
Tulimtazamia ndevu na joho; akashuka kwenye pikapu
na fulana yenye grisi, akaulizia bei ya pumba.
Mtori hakuugusa. "Nyama hiyo," alisema, "mniwie radhi,"
akamenya ndizi mbivu tatu, akadai ameshiba,
akatuuliza majina.
Eliakunda. Elinisafi. Elifasi. Elirehema.
Akacheka taratibu: "Mmelibeba jina la Mungu wa babu yangu
kama watu wabebavyo kiberiti mfukoni."
Kisha akaitazama nyota. Niliyaona macho yake yakihesabu.
Hakusema kitu.

Elirehema akasimama, akaomba kwa machozi
kwamba Bwana amrudishe mgeni wetu kwao.
"Kwetu ni Sakina," alijibu Obadia baada ya amina,
"nyuma ya mashine ya kusaga. Mama yangu ana miparachichi miwili.
Mnaniombea nirudi wapi?"

Nani angejibu? Tulimfungia ndizi, akaondoka.
Usiku ule niliifumua nyota yote kwa wembe.
Pembetatu moja ikitazama juu, nyingine chini,
na taa ya cherehani ikinionyesha matundu ya uzi wa zamani
ambayo hayakuziba hata nilipopiga pasi.

Mwezi wa sita mama yake akafa.
Tulikwenda kumi na wanne, na shada la maua,
nami jani la isale mkobani, kwa mazoea ya kwetu.
Langoni tuliwakuta wanaume wanane wakitazama barabara.
Sala ile hutaka kumi.
Eliakunda akajisogeza: "Mimi na Elifasi. Basi imetimia."
Obadia alimshika bega.
"Hesabu hii haiwachukui, ndugu yangu.
Lakini makoleo yapo."

Tukasubiri nao.
Wawili walikuwa wanatoka Nairobi, wamekwama Namanga;
manyunyu ya Meru yakatulowesha sote bila kuuliza dhehebu.
Walipofika, sala ikasemwa kwa lugha
tuliyoipenda miaka miwili bila kujua hata neno,
ila moja, amina,
na hilo tuliliitikia kutoka nyuma ya seng'enge
hata wakageuka.

Kisha udongo. Elifasi alifukia
kama anayemfukia shangazi yake wa damu.
Maua kwao hayawekwi. Niliokota kokoto, nikaiweka;
isale nikarudi nalo, limelowa, Moshi.

Alhamisi hii tumekutana tena.
Bi Mwanaidi, jirani anayetuazima sufuria,
amesimama mlangoni, hajaingia:
"Na wanaozika upande ule mwingine,
hao nao mnawaombea?"
Elirehema ameinamisha kichwa. Mtu amekohoa.
Eliakunda ameshika chaki, amenyamaza
hata chai ikaota ngozi.
Kisha akaandika, kando ya Yordani, polepole:
Saada, mamaye Obadia, wa Sakina.
Akaacha nafasi chini yake,
na chaki akamnyooshea Bi Mwanaidi.