Mwanya wa Miwani

Nabintu aliviweka visikizio mezani kwangu, Kadutu,
kati ya koleo na waya wa risasi,
akasema, "Besi imekufa."
Hakusema imeharibika. Imekufa,
kama mtu aliyeleta habari ya msiba na hataki kukaa.

Nikavigeuza. Mito ya masikio imechakaa,
ngozi yake ya bandia inabanduka
kama ukoko wa bugali uliosahauliwa motoni,
na kipande kimoja cheusi kimemganda shavuni.
Hajui. Nami sikumwambia, tulikuwa bado hatujazoeana.

Anapiga gitaa la besi kwenye kwaya ya vijana, Panzi.
Mazoezi ni usiku, ndani ya visikizio,
maana chumba cha pili bibi yake analala
usingizi wa kukohoa.

Nikamweleza ninachokijua, na si kingi:
besi ni hewa iliyofungiwa.
Mto ni ukuta, sikio ni chumba.
Ukuta ukipata ufa, cha kwanza kutoroka ni kile kizito.
Matoazi hubaki. Herufi *s* hubaki, inachoma kama pilipili.
Mzito hutoka bila kuaga.

Nikakata sponji ya godoro, unene wa vidole viwili,
nikaivika ngozi ya tandiko la pikipiki ya Cirhuza
(pikipiki ilikwenda, tandiko likabaki, iacheni hiyo).
Akavaa, akafumba macho.
"Ngurumo ipo," akasema,
"ila mwimbaji amehamia ng'ambo ya ziwa."
Kweli. Mto mnene husogeza sauti mbali na sikio,
kila mtu anakuwa kama anaimba kutoka ua wa jirani.

Nikapunguza sponji, nikashona mahameli,
mabaki ya pazia la ukumbi wa harusi.
Shavu likafurahi. Mwimbaji akarudi nyumbani.
Besi ikachuja kama maji kikapuni.

Nikarudia ngozi, nikaitoboa kwa sindano,
matundu kumi, kumi na mawili,
kila tundu likipunguza uvimbe kidogo,
hadi nikapita kiasi. Ishirini na moja ndilo lililoharibu,
au kumi na tisa, mkono hauandiki daftari.
Nikaziba matano kwa gundi ya viatu.
"Bado," akasema. "Kushoto kuna kitu, kulia kuna njaa."

Mvua ikashuka juu ya mabati.
Umeme nao ukaenda zake.
Simu yake ilibaki na asilimia tisa,
na kwa mwanga wake mdogo ndipo nikamwona:
miwani, mkono wa kulia umefungwa waya na utepe,
unene wa njiti tatu za kiberiti,
na juu yake mto umenyanyuka,
nyuma ya sikio pamebaki mlango wa panya.

Mchana kutwa najenga ukuta
na mlango sikuuliza.

"Vua miwani."
"Nikivua sioni nyuzi."
"Nyuzi nne tu, Nabintu."
"Mimi huzihesabu kila siku, kama watoto."

Basi nikachukua wembe,
nikachonga mfereji ndani ya sponji,
kina cha waya ule na utepe ule, uso huu na si mwingine,
ngozi nikaiacha ilegee hapo, ijilaze yenyewe.
Akavaa. Asilimia nne.
Hakusema neno.
Mguu wake, ndani ya kandambili iliyojaa matope ya soko,
ukaanza kuhesabu.

Nilitaka franka elfu tano. Alikuwa na tatu
na parachichi moja.

Alipofika katikati ya ngazi nikakumbuka
kile kipande cheusi shavuni.
Nikamwita. Nikamwita tena, kwa nguvu,
mpaka muuza sambaza wa chini akageuka.
Nabintu alishuka taratibu mvuani,
miwani imelowa, kichwa kinaitikia,
hakusikia hata chembe.