Daftari la Madeni

Hapa kambini, mbele ya Mafinga,
ukungu huondoka saa nne, ukipenda.
Mimi nauwahi. Nabandika maharage
kwa moto wa mabanzi wanayonipa bure,
na saa saba dingidong ikizimwa
nasimama na birika mlangoni pa kibanda
nikiwanawisha mmoja mmoja.

Wengine humjua mtu kwa uso. Mimi kwa viganja.
Kikoti ana vidole vinane,
husema viwili vimekwenda likizo.
Mlowe gumba lake limepinda kama ndoano,
gogo lililiegemea mwaka wa mvua nyingi.
Mikono ya Sanga mizima. Kilicholiwa ni kifua:
hukohoa unga wa mbao,
na usiku, mkewe kaniambia, hulala ameketi.

Kamwene, nasema. Kamwene, wanaitika,
na maji yanapita juu ya kilichobaki.

Siku waliyokuja wakaguzi
kofia za njano zilitoka stoo zikinuka upya,
glavu jozi kumi na mbili, lebo zikining'inia.
Msumeno ukavishwa kifuniko chake,
kile kile ninachoanikia dagaa.
Wageni wakapiga picha, wakala kwangu, wakalipa taslimu.
Vumbi la gari lao halijatua
meneja akakusanya: kofia kumi na mbili,
glavu kumi na mbili. Akatia tiki.
Kifuniko kikarudi kwa dagaa,
maana kinachelewesha, na hapa
mtu hulipwa kwa ubao, si kwa saa.
Vidole hakuna aliyevihesabu.

Lwitiko alikuja Mei kutoka Tukuyu,
viganja vya mchuma chai,
weusi wa majani bado kwenye kucha.
Vyote kumi. Nilimmwagia maji polepole
kama asomaye barua asiyotaka iishe.
Akala, akakopa. Wote hukopa mpaka Jumamosi.

Kisha ile Jumanne
nikasikia msumeno ukibadili sauti.
Aishiye hapa anajua:
ukikata mbao hupiga kelele,
ukikata kitu laini
hushusha sauti, kama mtu aliyeona aibu.

Walimfunga kwa khanga yangu, ile ya jogoo,
wakampakia bodaboda mshikaki, katikati,
ili asianguke.

Wiki ya tatu akarudi kudai.
Mkataba uko wapi? Hana.
Jina kwenye orodha? Halimo.
Meneja akanawa kwa maneno:
"Huyu kijana simfahamu.
Labda alikuwa mpita njia."

Mpita njia!
Mpita njia aliyekula kwangu siku thelathini na moja,
aliyejua ninapoficha pilipili.

Nikafunga kibanda. Nikapanda gari hadi mjini,
nikaweka mezani kwa ofisa wa kazi
daftari la kurasa themanini,
jalada la twiga, mafuta ya alizeti
yamepenya kutoka Aprili mpaka Juni.
Akaligeuza kwa ncha ya kalamu.
"Mama, hii siyo nyaraka."
Soma, nikasema.

*Mei 12. Lwitiko. Ugali maharage. 1,500.*
*Mei 13. Lwitiko. Ugali maharage. Mboga nimempa.*
*Mei 14. Lwitiko. Anaumwa mgongo, kala kidogo.*
Akafunua, akafunua. Akavua miwani.
*Juni 16. Lwitiko. Ugali maharage. 1,500.*
*Juni 17. Nilishampakulia.*

Sijui ataandika nini. Faili nazo zina foleni.

Lwitiko sasa yuko kwa dada yake, Makambako.
Akipita hapa huuingiza mkono ndani ya sweta,
nami namshikia birika upande ule mwingine.
Juzi kanyoosha noti mbili zilizokunjwa:
"Mama, ile ya Jumatatu sijakulipa."
Nimezirudisha mfukoni mwake.
Deni hilo nitalidai mpaka nife.
Siku nikilipigia mstari, mwanangu,
hutakuwa umewahi kufika hapa.