Sifuri za Mbele

Coruche, mwezi wa pili. Mvua inachapa vioo vya ofisi,
na ukutani duara la gharama za mavuno linawaka:
buluu ni malori,
chungwa ni mitambo ya kuchemshia magome,
na kijivu, chembamba kama ukucha uliokatwa,
Wengineo. Asilimia tatu.

"Hicho tukikate," asema Mhandisi Baltasar,
akikigusa kwa kifuniko cha kalamu.
"Nani atajua?"

Deolinda hajibu. Ana biskuti mdomoni.

Jioni, wenzake wamekwenda, abonyeza
nukta tatu pembeni mwa duara: Hamisha data.
Mashine yauliza: muhtasari, au msingi?
Kwa mazoea achagua muhtasari.
Yampa mstari mmoja:
Wengineo, 0.03.
Ni kama kuuliza jina la mgeni
ukajibiwa, "Mtu."

Arudia. Msingi.
Lahajedwali lafunguka jeupe, kisha lajaa
mistari mia mbili na kumi na miwili,
na yote imefika imechoka na safari.
Siku zimegeuka miezi,
Julai sita imekuwa Juni saba.
Mkato wa senti umepotea njiani:
84,5 yasomeka 845,
na kwa dakika nzima, kabla hajarekebisha,
wambua magome wote wa bonde la Sorraia
ni matajiri.

Safu nyingine ni finyu mno,
zaonyesha reli tupu, ########.
Azivuta, azipanua,
watu waanza kuenea.

Adérito Quaresma. Mbua magome. Misimu 41.
Namba: 719.

Hapana.
Aliwahi kuja kaunta kudai bima ya kidole,
akalaza shoka juu ya fomu,
na kwenye mpini, kwa msumari wa moto,
alikuwa ameichoma mwenyewe: 00719.
Shoka lile lajua kina.
Likizidi unywele, mwaloni hufa;
likienda sawa, mti huvuliwa koti,
huandikwa mwaka kwa rangi nyeupe shinani,
ukaachwa miaka tisa ushone jingine.
Hata mti, huko, hauguswi
kabla namba yake haijasomwa.

Sifuri mbili zimeliwa.
Programu yaona hazina thamani,
maana zimetangulia na hazina kitu nyuma yao.

Aziandika tena. Zatoweka.
Aziandika tena.
Ndipo akumbuka dawa: alama moja ndogo
iwekwe mbele, isionekane,
iiambie mashine, hii si hesabu, hili ni jina.
Sisi twaijua alama hiyo. Ndiyo ritifaa
ya ng'ombe na ya ng'ambo,
koma iliyopanda juu ikagoma kushuka.

'00719.

Mistari mia mbili na kumi na mmoja imebaki.
Mvua haijakatika. Basi la saa moja limeondoka.
Deolinda avuta kiti,
apangusa makombo ya biskuti kwenye kibodi,
ashuka mstari wa pili.