Mwisho wa Ile Sinema

Hapa Oulu mwezi wa Desemba giza huingia saa nane mchana,
haligongi mlango.
Theluji imelala juu ya baiskeli
niliyosema nitaiingiza ndani mwezi wa kumi,
nami nipo sebuleni natafuta rimoti.

Nimeinua mito. Nimemwinua paka.
Nimemuuliza Tuukka, naye akaniuliza mimi.
Iida, wa miaka saba, akaja kutoka jikoni
ameibeba kwa vidole viwili kama samaki:
"Ilikuwa kwenye friji, baba. Imepoa vizuri."
Basi siagi nayo iko wapi?
(Ilipatikana Jumatatu. Tusiizungumze.)

Ahadi ni deni, na nimezaa wakusanya madeni.
Wanakumbuka niliyoyasema Juni, tumbo limejaa soseji,
kwamba tutafuga sungura,
na kwamba sungura atakuwa wawili.
Mimi leo nimeingia chumbani mara tatu,
nikasimama katikati kama mgeni aliyekosea nyumba,
nikatoka na soksi moja.
Aune, mke wangu, hakuinua hata macho kwenye ufumaji wake:
"Kaarlo, kichwa chako kina bahati kimeshikwa na shingo.
Kingekuwa sasa hivi kinazunguka mji
kwenye basi namba nane."

Jumamosi ndiyo siku ya peremende.
Zile nyeusi za chumvi, ambazo mgeni huzitema kwenye leso
huku akishukuru.
Na ndiyo siku ya sinema. Tunapiga kura,
kura za siri, kwenye kofia ya sufu,
na kila Jumamosi, bila wizi wowote, anashinda yule yule:
dubu anayeendesha treni ya barua.
"Tumeiona mara kumi na moja," anasema Tuukka.
Mimi naiona kwa mara ya kwanza
kwa mara ya kumi na mbili.

Lakini daraja linapoanza kutikisika
na kope zangu nazo zinatikisika.
Nikizinduka, majina yanapanda kiooni
kama sisimizi weupe, na mdomo wangu umekauka.
"Imeishaje?"

Hapo ndipo wanaponisogelea.
Wiki moja dubu alimwoa mkuu wa stesheni.
Wiki nyingine treni iliota mabawa, ikatua juu ya paa la shule,
mtihani ukaahirishwa.
Barua ya mwisho ilikuwa ya bibi mmoja wa Rovaniemi;
ilikuwa tupu; ilikuwa na ramani; ilikuwa inanidai hela.
Tuukka, tangu atimize miaka kumi na miwili,
amekuwa na miisho yenye huzuni:
"Reli ilifungwa, baba. Dubu akasomea uhasibu."
Nayaamini yote. Nafanyaje?
Shahidi mwenyewe nilikuwa nakoroma.

"Kaarlo," Aune akauliza usiku mmoja, "sauna uliiwasha?"
Niliiwasha. Saa kumi na moja.
Ilichemka peke yake, ikamngoja mtu, ikakata tamaa,
ikajizima.
Ina akili, ile sauna.

Sasa niwaambie siri, kabla sijaisahau.
Jumamosi iliyopita nilikunywa kahawa vikombe vitatu.
Daraja likatikisika, mimi nikakaza macho.
Nikauona mwisho.
Dubu anafika kituoni. Anasimamisha treni.
Anazima taa, anavaa glavu,
anaondoka kwa miguu kwenye theluji.
Basi. Hakuna arusi, hakuna mabawa.

Sisimizi weupe wakaanza kupanda.
Nikasikia peremende ikihamishwa shavu la pili,
na pumzi ya chumvi karibu na sikio langu.
"Baba? Umelala?"

Nilifumba macho haraka, kama mwizi.
Nikayafumbua polepole, nikajinyoosha, nikapiga mwayo
ambao Aune aliutazama kwa muda mrefu kidogo.

"Nimepitiwa," nikasema. "Imeishaje?"

Iida akapanda mapajani, akajifuta mikono kwenye sweta langu,
akafikiri.