Mkono wa Irabu

Kiharusi kilimchukua Zdravka upande wa kulia,
kikamwachia mkono wa irabu.
Hivi ndivyo kibodi ya kwetu Plovdiv ilivyogawiwa:
a, o, e, i, u, zote kushotoni,
na kulia k na t, m na n, d na s,
mifupa yote ya maneno.

Miaka thelathini na moja alisahihisha ratiba za treni
katika kiwanda cha chapa nyuma ya stesheni,
na kosa la dakika moja lilimnyima usingizi.
Sasa anataka kusema maziwa: inatoka a, inatoka o,
na mimi mwanawe nimesimama, friji wazi,
namwonyesha kimoja kimoja. Siagi? Jibini? Hiki?

Basi nikaagiza vitufe arobaini na viwili,
bodi tupu, swichi laini, chipu ndogo kama ukucha.
Nikalehemu usiku jikoni, dirisha wazi,
moshi wa risasi ukipishana na harufu ya pilipili
anazochoma Bi. Temenuga ghorofa ya chini.

Kulehemu si kazi. Kazi ni faili:
safu nne za majina ndani ya mabano,
kila jina na mkato wake,
kila kitufe kiambiwe kinaitwaje kikiguswa
na kinaitwaje kikishikiliwa.
Tabaka sifuri, irabu zake, nisiziguse.
Tabaka la kwanza, kioo:
ukibana kitufe cha nafasi kwa kidole gumba
kulia kote kunahamia kushoto,
n inakuja kulala mahali pa a,
t mahali pa o.

Lakini chipu inauliza: kushikilia ni nini?
Milisekunde mia mbili, wanasema wenye vidole vyepesi.
Kwa mama, mia mbili ni kufumba jicho.
Alitaka nafasi, akapewa kioo.
Nikaandika mia tatu. Nikaandika mia nne na hamsini.
Sikuwahi kuiandika subira kwa tarakimu.
Mia tano na ishirini. Ikakubali.

Na kwa kuwa nilijua atakosea,
kitufe cha kufuta nikakiweka chini ya gumba,
karibu kuliko herufi yoyote.

Jumapili alikaa, shali begani, mkono wa kulia
ameupakata kama paka wa jirani.
Bana, gusa, achia, pumzika. Dakika kumi na moja.
Nilitarajia maziwa. Nilitarajia, niseme kweli, jina langu.
Kwenye skrini, na nukta zake mahali pake:

Kitufe cha kufuta kiko karibu mno. Kipeleke mbali.

Nikakipeleka juu, pembeni kabisa,
ambako kidole chake cha mwisho hufika kwa kukusudia tu.
Nikahifadhi. Kompyuta ikakataa, maandishi mekundu,
kosa, mstari wa sitini na nane,
nikaanza kusoma upya kutoka juu.

Yeye alikwisha kuliona.
Ukucha wake ulikuwa ukigonga skrini
baina ya n na t,
pale nilipousahau mkato.
“A-a,” akasema,
neno lisilohitaji konsonanti.