Moja kwa Mia

Katika ukumbi wa shule ya ufundi, Kigoma,
wametandika meza vitambaa vya kijani,
na juu yake bahari zote za dunia zimekauka.

Kuna manowari ya kijivu ya kijana Mwaseba wa Mbeya,
mizinga myembamba kama sindano za cherehani;
kuna tishari la Mtwara, kuna pantoni yenye malori manne,
na meli ya makontena ya wanafunzi wa Tanga
ambayo kila kontena ni kipande cha sabuni kilichopakwa rangi:
unainusa kabla hujaiona.

Namba kumi na tisa ni mimi.
Liemba. Sentimita sabini na moja.
Bati la makopo ya maziwa, spoku za baiskeli,
rangi ya kucha ya jirani kwenye maboti ya kuokolea.
Miaka mitatu, usiku kwa usiku,
nikishafunga kibanda changu cha kuchaji simu.

Kanuni ni moja: kipimo.
Kilichomo melini kigawe kwa mia.
Nami nimegawa.
Ngazi nimegawa. Mnyororo wa nanga, pingili kwa pingili, nimegawa.
Kutu nayo nilijaribu,
nikakuta kutu haina kipimo;
bati dogo inalila vilevile ilivyolila kubwa.

Kisha abiria.
Mia na sita, wa njiti na nta:
mwenye gunia la mihogo, mwenye jogoo,
askari aliyelala mdomo wazi.
Na karibu na ngazi ya daraja la tatu, upande wa kushoto,
mama yangu,
milimita kumi na sita, kitenge cha uzi wa njano,
anatazama gati kama mtu aliyeacha jiko linawaka.

Jaji alikuja na kioo cha kukuzia na rula ya chuma.
Bi. Mkilindi. Akapima bomba la moshi, akaguna.
Akapima mlingoti. Akafika kwa abiria, akanyamaza
muda wa mtu kumenya chungwa.
"Ndugu Bilantanye, haya ni mashindano ya meli.
Watu hawamo kwenye kanuni.
Nakukata pointi sita, labda uwabandue."
Nikamwambia gundi imeshakauka.
Uongo. Ni nta; ukucha mmoja ungetosha.

Walipokuwa wakijumlisha nilitoka nje.
Ziwa lilikuwa pale, chini ya reli,
nikaanza kuligawa, mazoea tu.
Kina chake chote kikawa urefu wa mchikichi mmoja.
Karema, Kipili, Kasanga zikasogeleana
kama nyumba zinazoazimana chumvi.
Na Mpulungu, alikokwenda kufuata vitenge,
"wiki mbili tu, Ruhasha, usimsumbue shangazi,"
mimi nikiwa darasa la nne,
Mpulungu ikawa kilomita sita kasoro.

Sita! Ni hapa na Ujiji.
Unakwenda na kurudi maharage hayajaiva.

Nikagawa na miaka, thelathini na mmoja.
Ikatoka siku mia na kumi na tatu.
Nani hukata tamaa kwa siku mia na kumi na tatu?

Manowari imeshinda. Ilistahili, nimeipigia makofi.
Mimi nimepewa cheti cha kushiriki,
jina langu wameliandika Bilantanga.
Nikiwa nafunga meli kwenye boksi la televisheni
Bi. Mkilindi akarudi, safari hii bila kioo.
"Yule wa kitenge cha njano," akauliza,
"anapanda au anashuka?"

Nikainama kumtazama.
Miguu yake niliichonga mwenyewe, kwa wembe,
mguu mmoja mbele ya mwingine,
na sikuwahi kujiuliza.

Nje, kijana wa bodaboda akapangusa kiti.
"Mwanga, mzee?"
Nikapakata boksi.
"Pitia Ujiji kwanza.
Na kwenye matuta, polepole. Nina abiria."